Maswali ya Baiskeli: Matairi Mapana, Upepo na Kona

SWALI: Nilitoa matairi ya inchi 1.95 nikafunga ya 2.35, nikajaza psi 50 (kipimo cha presha ya upepo) kama nilivyozoea. Nikiteremka kwenye changarawe, tairi la mbele linateleza konani. Rafiki yangu akasema nishushe hadi 20. Sasa usukani mzito na nyuma panayumba. Nina kilo 74. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Hakuna. Ulihamisha namba ya tairi jembamba ukaipa tairi pana. Kwa upepo uleule, tairi likiwa pana ukuta wake hukazika zaidi, maana mkazo hukua sambamba na upana wa tairi. 2.35 inazidi 1.95 kwa asilimia 20 hivi, kwa hiyo psi 50 zako zinalikaza kama vile ungejaza 60 kwenye lile la zamani. Tairi gumu hivyo hudunda juu ya mawe, na likiwa hewani halishiki kitu.

Wengi hudhani upana peke yake huongeza eneo linalogusa ardhi. Uzito na presha visipobadilika, eneo hubaki karibu lilelile. Umbo tu ndilo hugeuka, likawa fupi na pana. Faida halisi ya tairi pana ni kwamba unaweza kulipunguza upepo bila ringi kugonga mawe. Kilo 45 juu ya gurudumu la nyuma kwa psi 50 hukalia takriban sentimita za mraba 13. Kwa psi 30, kama 21. Huko ndiko mshiko unakotoka.

Ila 20 kwa tairi lenye tyubu ni chini mno. Konani ukuta hukunjika kiubavu, na ukigeuza usukani tairi linachelewa kuitikia. Jiwe nalo likibana tyubu kwenye ringi, unapata pancha ya matundu mawili yaliyopakana.

Anza na 27 mbele, 31 nyuma. Nyuma hubeba uzito zaidi, lakini mbele ndiko kwa kuangalia: nyuma pakiteleza mara nyingi unawahi kujirekebisha, mbele pakiteleza umeshaanguka. Chagua kona moja unayoijua, ipite kwa mwendo uleule, ukishusha psi 2 kila safari, mbele kwanza. Usukani ukianza kujivuta wenyewe au ringi ikigonga, rudisha 2 na uache hapo. Tumia geji ndogo isiyozidi psi 60. Geji ya kituo cha mafuta ni ya magari, na kompresa yao hupitiliza kwa sekunde chache.

Pima pia ringi: vua tairi, chukua upana wa ndani kati ya kingo mbili. Kwa 2.35 milimita 25 hadi 35 inafaa. Ikiwa 19, tairi limekaa kama puto juu ya kizibo, na litayumba hata ukiwa na upepo mzuri. Ongeza psi 3 au 4, au rudi kwenye tairi la 2.1. Halafu hakikisha kuna angalau milimita 6 kati ya tairi na fremu kila upande. Gurudumu hupinda kidogo konani, na kashata (vinundu vya mpira vya tairi) zikisugua fremu huila.

SWALI: Nikijaza upepo Moshi mjini kisha nikapanda hadi geti la Marangu, nipunguze? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Acha. Kupanda mita 1,000 hivi huongeza karibu psi 1.5 kwenye geji, kwa kuwa hewa ya nje imepungua nguvu. Lakini joto likishuka kutoka nyuzi 30 hadi 18, tairi la psi 28 hupoteza karibu kiasi hichohicho. Kinachobadilika kweli ni barabara: kukiwa na tope, shusha psi 2 mbele.

SWALI: Tairi kipara ni hatari kwenye lami yenye maji?

JIBU: Kwa baiskeli, si kwa sababu ya maji. Tairi la baiskeli ni jembamba na la mviringo, hivyo husukuma maji pembeni lenyewe. Kwenye lami tairi laini hushika kuliko lenye kashata ndefu, ambazo hupinda ukilaza baiskeli. Mistari ya rangi na mifuniko ya chuma ikilowa ndiyo ya kuogopa. Ipite baiskeli ikiwa wima. Nyuzi zikianza kuonekana chini ya mpira, badilisha tairi, maana litapasuka.