Maswali yenu: mgomba, makumbi na maganda ya jikoni

Nyumbani kwangu kila siku kuna maganda ya viazi, maembe na ndizi. Naweza kuyatumia kutengeneza karatasi? (Mama, Langoni, Lamu)

Hapana, bibi. Ganda la kiazi zaidi ni maji na wanga, na la embe halina uzi wa maana. Karatasi ni selulosi, yaani nyuzi za mmea, iliyoshikana, nayo hushikana vizuri uzi ukiwa mrefu. Weka majani yanayofunika hindi, hayo yanafaa. Maganda ya embe na ndizi mpe punda, lakini kwanza toa plastiki zote. Punda wetu humeza ganda pamoja na mfuko, na mfuko ukiziba matumbo anakufa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na bado naiona majaani.

Nimevuna mkungu na kukata mgomba. Nianzie wapi? (Muyeye, Malindi)

Hili ndilo swali nililokuwa nikilingoja. Mgomba huzaa mara moja, kisha shina zima huachwa lioze. Bandua magamba yake moja moja, yakwangue kwa kisu butu mpaka zibaki nyuzi, uzianike. Zikikauka, zikate vipande vya urefu wa kiungo cha kidole, uzipime.

Kila kilo moja ya nyuzi kavu tia gramu 200 za magadi ya unga, maji yafunike, uchemshe saa 3 au zaidi. Kinachotolewa hapo ni lignini, ile gundi inayofanya mmea usimame. Achana na kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni: inachoma ngozi na kupofua macho, na watoto wako karibu na jiko. Sufuria iwe ya enameli. Ya alumini usiiguse, magadi huila.

Utajuaje zimeiva? Toa uzi mmoja, uuvute kwa vidole viwili. Ukichanika bila ubishi, epua. Suuza mpaka utelezi uishe, kisha twanga kwenye kinu. Chukua kijiko cha rojo, ukoroge ndani ya glasi ya maji, uinue juu ya mwanga. Ukiona vibonge, rudi kutwanga. Nyuzi zikielea kila mmoja peke yake kama wingu, tayari. Tandaza rojo ndani ya beseni la maji, uliinue kwa wavu uliowambwa kwenye fremu ya mbao, ulilaze juu ya kitambaa, uligandamize na kulianika kivulini.

Ninunue mashine gani? (Wengi)

Kinu na mchi. Nimeshajibu hili na sitalijibu tena kwa mtu ambaye hajatoa hata karatasi moja kwa mkono. Wanaouza mashine wanawapenda wenye haraka.

Karatasi yangu inanyonya wino, herufi zinasambaa. (Malindi)

Ipake uji mwembamba wa wanga, ikauke, ndipo uandike.

Maji niliyochemshia nimemwaga uani. Kuna ubaya? (Mkomani, Lamu)

Ubaya mkubwa, na nakuomba usirudie. Maji yale meusi yamebeba magadi na lignini. Nyumba zetu zimebanana, visima viko hatua chache kutoka vyooni, na maji matamu ya mji yanatoka chini ya michanga ya Shela. Mchanga hupitisha kila kinachomwagwa juu yake. Yaache yapoe, tia siki kidogo kidogo mpaka povu likome, kisha yamwage kwenye shimo la maji machafu, mbali na kisima na mbali na mizizi ya miti. Anayetaka kuokoa taka kwa kuharibu kisima cha jirani, heri aziache taka zake.

Makumbi je? Yamejaa shambani. (Mpeketoni)

Kwa karatasi yatakuchosha, maana usumba, yaani nyuzi zake, umejaa lignini. Lakini lignini hiyo hiyo ndiyo inayofanya kamba isioze upesi majini. Wazee waliunga mbao za mtepe, chombo cha kale cha baharini, kwa kamba za makumbi, bila msumari. Yafukie kwenye tope la pwani linalofikiwa na maji yanapojaa, uyaache miezi kadhaa, uyagonge, usokote. Usiyachome. Moshi wake unaingia nyumba za watu, na kamba tunanunua ya nailoni.

Na mfuko uliotengenezwa kwa muhogo? (Watamu)

Huo ni wanga, si selulosi. Maji huulegeza.