Makhan Singh na siasa za wafanyakazi

Swali: Mhariri, mbona Makhan Singh, aliyewaongoza wafanyakazi wa Kenya mapema hivyo, hakupewa cheo baada ya uhuru?

Jibu: Ndugu msomaji, chama cha wafanyakazi alichokisimamia tangu 1935 kilipokea watu wa rangi zote, jambo lililowatia wakoloni hofu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, akakamatwa mwezi uliofuata na kuwekwa kizuizini hadi 1961. Alipotoka, vyama vya wafanyakazi vilikuwa mikononi mwa kina Tom Mboya, na ukomunisti wake, ambao hakuuficha hata mahakamani, haukuwapendeza waliojiandaa kutawala. Alijiunga na KANU, chama kilichotawala Kenya baada ya uhuru. Chama hicho, kwa maoni yetu, hakikumtendea haki.