Vipimo vya mapendeleo na kozi ya chuo
Ukijiuliza kama vile vipimo vya mapendeleo (maswali ya kujaza kuhusu mambo unayoyapenda) vinaweza kukuambia kozi ya chuo utakayoimudu, jibu ni hapana. Vinaonyesha aina ya kazi unazozipenda, basi, uwezo havipimi. Vingi vimejengwa juu ya nadharia ya John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyoitoa mwaka 1959 na inayogawa watu katika makundi sita. Mimi ningeanza na mtaala wa kozi yenyewe, hasa masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, maana wengi wanaoingia saikolojia hukutana na takwimu hukohuko (na si kidogo!). Ila kwa udaktari au uhandisi soma kwanza masharti ya kujiunga: bila msingi wa sayansi au hesabu wa sekondari, kwa kawaida hupokelewi, kipimo kiseme kisemavyo.