Ushujaa au Kiki? Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Tuzo za Michezo

Tangu msimu wa tuzo uanze, maswali yametufikia kutoka kisiwani Mombasa hadi Mtwapa. Tumechagua yale yanayogusa jambo moja: tuzo ya ujasiri inamtunza shujaa, au inamtumia?

Salaam aleikum. Nimetazama tuzo za michezo za ESPY za Marekani kwenye simu. Mtu apewa tuzo ya ujasiri, ukumbi mzima walia, dakika mbili baadaye laja tangazo la gari. Sasa huo ni ujasiri au ni biashara? — Msomaji, Majengo

Aleikum salaam. Ni biashara, na wenyewe hawafichi. ESPY ni mali ya kituo cha runinga cha ESPN, kilichozianzisha mwaka 1993. Siku hizi huandaliwa Julai, kwa kawaida karibu na mapumziko ya ligi ya besiboli, wakati ambapo ligi kubwa za Marekani hazina mechi. Kituo cha michezo kisicho na mechi kina masaa matupu, na usiku wa tuzo huyajaza. Kwa hiyo kuuliza kama hafla hizi zinatafuta watazamaji ni kupoteza pumzi. Uliza watazamaji hao wamemfaa nani.

Mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Ujasiri ya Arthur Ashe, ambayo ndiyo ya ujasiri kwenye ESPY, Machi 1993, alikuwa kocha wa mpira wa kikapu Jim Valvano. Saratani ilikuwa imemla hata kupanda jukwaani ilibidi asaidiwe. Pale pale alitangaza mfuko wa utafiti wa saratani. Alifariki tarehe 28 Aprili mwaka huo huo, na mfuko ule umeshachanga mamia ya mamilioni ya dola. Mwaka 2018 wanawake 141 walisimama jukwaani pamoja, wote wakiwa wamedhulumiwa na Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki. Hao walikuwa wamenyimwa kusikilizwa kwa miaka mingi, na usiku ule kamera iliwapa hicho hicho walichonyimwa. Kiki ya namna hiyo hatuna ugomvi nayo.

Ajabu ni jina lenyewe la tuzo. Arthur Ashe, bingwa wa Wimbledon wa 1975, aliambukizwa virusi vya UKIMWI kwa damu aliyoongezewa hospitalini. Alitaka kubaki na siri yake. Mwaka 1992 gazeti moja lilianza kumfuatafuata kwa maswali, akaona bora aseme mwenyewe kuliko kusemewa. Kwa hiyo tuzo hii imebeba jina la mtu aliyelazimishwa na vyombo vya habari kujianika. Waandaaji wa tuzo za namna hii wangefaa kulikumbuka hilo kila wanapomfuata mgonjwa na kamera.

Kuna picha ilizunguka kwamba mwaka 2015 mwanajeshi asiye na mkono na mguu alishika nafasi ya pili, akapokonywa tuzo ili apewe mtu maarufu. Ni kweli? — Msomaji, Changamwe

Si kweli, ingawa manung'uniko yenyewe yalikuwa na msingi. Mwaka huo alituzwa Caitlyn Jenner, bingwa wa Olimpiki wa dekathloni mwaka 1976, aliyekuwa ametoka kutangaza hadharani kwamba yeye ni mwanamke. Wengi walisema angestahili Noah Galloway, mwanajeshi aliyepoteza mkono na mguu Iraq, au Lauren Hill, msichana aliyecheza kikapu cha chuo akiwa na uvimbe wa ubongo usiotibika. ESPN ikajibu kwamba hakukuwa na nafasi ya pili, kwa sababu tuzo hii haina orodha ya wateule wala kura. Kituo huteua, basi.

Watu wengi hawajui hilo. Kwenye hafla ile ile, tuzo ya mchezaji bora hupigiwa kura na mashabiki, lakini ya ujasiri huamuliwa ofisini. Unaweza kuona kuwa Jenner alistahili au hakustahili. Hoja zipo pande zote mbili. Tunachokilaumu ni kwamba jina lake lilitangazwa siku ile ile picha zake zilipotoka kwenye jalada la jarida kubwa, na ulimwengu mzima ukimzungumzia yeye. Tarehe ya kutangaza huwa inasema mengi kuliko hotuba. Na Lauren Hill? Alishafariki Aprili, akapewa usiku ule tuzo ya tukio bora la mwaka.

Kwa nini mshindi asichaguliwe na wananchi kwa ujumbe mfupi? Si ndiyo haki? — Msomaji, Mikindani

Kura ya simu hupima mambo mawili: nani ana watu wengi, na nani ana salio. Namba fupi za kupigia kura hutoza zaidi ya ujumbe wa kawaida, na mapato hugawanywa baina ya kampuni ya simu, mwenye namba na mwandaaji. Kwa hiyo mwandaaji hana haja ya kuzuia simu moja kupiga kura 200. Mwenye binamu tajiri ashinde.

Hata bila ulafi, wingi una vituko vyake. Mwaka 1991, kwenye tuzo ya mwanamichezo bora ya BBC, gazeti la wavuvi wa ndoano liliwahimiza wasomaji wake wampigie kura bingwa wao, Bob Nudd. Kura zikamiminika, BBC ikazikataa, na tuzo ikaenda kwa mkimbiaji Liz McColgan. Usidhani wahariri ni salama zaidi. Mwaka 2011 orodha ya mwisho ya tuzo hiyo hiyo ilitokana na mapendekezo ya magazeti na majarida, na majina yote 10 yakawa ya wanaume. Kelele zilipozidi, mwaka uliofuata kazi hiyo ikapewa jopo la wataalamu.

Maoni yetu: kura ya watu ifae kwa bao bora au timu pendwa, simu moja kura moja. Ujasiri usipigiwe kura kabisa.

Sisi ni kamati ya mashindano ya mtaani Kisauni, timu 16. Tunataka mwaka huu tuongeze tuzo ya ujasiri lakini hatutaki ionekane ni ya kujipendekeza kwa wafadhili. Tuanzie wapi? — Katibu wa kamati

Ndugu katibu, anzieni na karatasi kabla ya kikombe. Andikeni sentensi moja inayosema tuzo ni ya nini, muitangaze mechi ya kwanza isijapigwa. Hii hapa mwaweza kuichukua: "Ni ya mtu yeyote kwenye mashindano haya, akiwemo refa, kipa, muuza maji au shabiki, aliyefanya jambo la haki au la kuokoa huku akijua litamgharimu." Yaliyo muhimu hapo ni mawili: alijua, na lilimgharimu. Bila gharama mna wema, nao una cheti chake.

Mfano safi ni wa baharini. Kwenye Olimpiki ya 1988, mashindano ya mashua yakifanyika Pusan, Lawrence Lemieux wa Kanada alikuwa wa pili upepo ulipochafuka. Aliona mabaharia wawili wa Singapore wamepinduka, akageuza mashua, akawaokoa, kisha akamaliza wa 22. Majaji walimrudishia nafasi ya pili ya mbio ile, na Kamati ya Olimpiki ikamtunuku. Gharama yake mtu yeyote aliweza kuisoma kwenye matokeo. Hapa kwetu gharama inaweza kuwa penalti ambayo mchezaji alimwambia refa isitolewe, au refa aliyemtoa nje kwa kadi nyekundu mtoto wa mfadhili.

Fomu ya mapendekezo iwe nusu ukurasa: nini kilitokea, siku gani, uwanja gani, kilimgharimu nini, na mashahidi wawili wasio ndugu zake wala viongozi wa timu yake. Ipokelewe ndani ya siku 7 baada ya tukio, maana baada ya hapo masimulizi hunenepa. Jopo liwe la watu 5: refa mstaafu, mwalimu wa michezo, muuguzi au mtu wa huduma ya kwanza, mchezaji wa zamani, na mzee wa mtaa. Mfadhili asikae humo. Mwenye mchezaji wake kwenye orodha atoke nje, na katibu aandike kwamba alitoka. Jopo liwe na ruhusa ya kutomteua mtu mwaka huo. Kamati nyingi huogopa kipengele hiki, lakini bila hicho mtalazimika kumtafutia mtu ushujaa usiku wa kuamkia fainali.

Kosa kubwa tunaloliona mitaani ni kumtuza aliyeumia kichwa akarudi uwanjani. Wachezaji wawili wanagongana wakiruka kupiga mpira wa kichwa, mmoja anaanguka, macho yamemtoka, anauliza mechi ni ya ngapi. Anamwagiwa maji, anafungwa kitambaa, anarudi, umati unalipuka. Huo si ujasiri wa kutunzwa. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba, na mtu akafa. Ndiyo maana tangu 2024 sheria za soka zinaruhusu mashindano kuweka mchezaji wa akiba wa ziada kwa ajili ya mtikisiko wa ubongo. Mkitaka kutuza mtu hapo, mtuzeni kocha aliyemtoa nyota wake akiwa nyuma bao moja. Joto pia lihesabiwe. Mbio za nyika za dunia zilipofanyika hapa Mombasa mwaka 2007, kwenye uwanja wa gofu, jua na unyevu vilimfanya hata Kenenisa Bekele, aliyekuwa ametwaa mbio ndefu miaka mitano mfululizo, aache njiani. Hakuna aliyemwita mwoga, na asiitwe kijana wenu pia.

Kabla ya kutangaza, mfuateni mteule nyumbani bila kamera. Muulizeni anataka kipi kisemwe na kipi kisisemwe, kisha msomeeni maandishi yenyewe, yasizidi maneno 100. Akiwa mtoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi, nasi twaongeza kwamba mtoto mwenyewe naye aulizwe. Akikataa jukwaa, apewe tuzo yake kimya kimya. Na mkiipa tuzo jina la marehemu, anzieni kwa familia yake. Mwaka 2024 Mwanamfalme Harry alipopewa kwenye ESPY tuzo ya Pat Tillman, mchezaji wa soka ya Kimarekani aliyeacha mamilioni ya kandarasi akaenda jeshini na kuuawa Afghanistan na risasi za wenzake mwaka 2004, mama mzazi wa Tillman alisema hadharani kwamba hakuulizwa na kwamba wapo waliostahili zaidi. Harry alimtaja kwa heshima kwenye hotuba yake, lakini aibu ya waandaaji ilishaenea.

Pesa: jukwaa, vipaza sauti na hema visimeze zaidi ya theluthi moja ya bajeti ya tuzo. Zawadi iwe kitu kinachoendana na gharama aliyolipa. Refa aliyepigwa alipiwe matibabu, aliyekosa vibarua wiki nzima alipwe wiki hiyo. Ngao ya kioo haiondoi deni la hospitali. Cheki kubwa ya kadibodi ya kupigia picha iacheni kabisa, hasa kama pesa zenyewe bado hazijaingia.

Mbona Wakenya na Waafrika hatuonekani kwenye tuzo hizo za ujasiri? — Msomaji, Likoni

Tunaonekana, ila kwa nadra. Tuzo ya Arthur Ashe imepewa George Weah mwaka 2004, Mghana Emmanuel Ofosu Yeboah, aliyezunguka nchi yake kwa baiskeli akitumia mguu mmoja, mwaka 2005, na Nelson Mandela mwaka 2009. Kituo cha Marekani huchagua sura ambazo Mmarekani atazikalia kitako, na BBC hivyo hivyo kwa Waingereza.

Kwa hiyo kazi ni yetu, na mcheza kwao hutunzwa. Tunayo SOYA, tuzo ya Kenya ya mwanamichezo bora wa mwaka, iliyoanzishwa na mwanariadha Paul Tergat mwaka 2004. Mashujaa wapo. Henry Wanyoike, asiyeona, kwenye mita 5,000 za Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 alijikuta kiongozi wake amelemewa na maradhi, ikabidi yeye ndiye amvute hadi kwenye utepe, na dhahabu akaipata. Simon Cheprot, mwaka 2019 kule Okpekpe, Nigeria, aliacha mbio zake akamwinua Mkenya mwenzake Kenneth Kipkemoi aliyekuwa ameanguka, na waandaaji wakamtunuku kwa hilo. Nani kati ya watoto wa Likoni anayelijua jina la Cheprot? Hapo ndipo tungeomba kiki zaidi.

Mwanangu wa kike anacheza voliboli, ana miaka 15. Amepigiwa simu kwamba ameteuliwa tuzo ya "msichana jasiri", nilipe 5,000 za usajili na ninunue meza ya chakula. Nilipe? — Mama, Bamburi

Usilipe, mama. Anayetuzwa halipii kutuzwa. Waombe kwanza kwa maandishi: nani alimpendekeza, kwa kitendo gani, majaji ni kina nani, na washindi wa mwaka jana ni kina nani ili uwapigie simu. Uliza jina la kampuni, kisha kwenye eCitizen omba hati ya kampuni iitwayo CR12 uone wakurugenzi wake. Namba ya M-Pesa ikiwa ya mtu binafsi badala ya namba ya malipo ya kampuni, hapo umeshapata jibu.

Mengi ya haya si wizi wa moja kwa moja. Ni hafla halisi, ukumbi halisi, na "wateule" 80 wanaonunua meza 80. Mapato ni nyinyi wenyewe. Ikiwa binti anatamani tu kwenda kupiga picha na wenzake, hilo ni jambo lako na mfuko wako. Lakini picha zake zisichapishwe bila ridhaa yako ya maandishi, na kama umeshatuma nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, waandikie leo waifute na uhifadhi jibu lao.