Pesa iko kwenye boksi

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Vigari ulivyochezea utotoni vinaweza kukuingizia pesa ukiviuza mtandaoni?" Majibu mengi yalisema ndiyo, na kila mmoja akataja bei aliyoiona kwenye tangazo. Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji. Kwenye soko la mtandaoni la eBay kuna kichujio kinachoonyesha vilivyouzwa tu. Kiwashe, utaona kigari kinachoombwa mamia ya pauni kikiondoka kwa nusu au robo yake, na kingine kikirudishwa sokoni kila baada ya miezi miwili bila mtu kukigusa. Kwa hiyo ndiyo, pesa huingia. Mimi nitajibu swali la jirani yake: ikishaingia, itakaa?

Na msimamo wangu nautaja mapema. Kama kitu ni cha bei kali, usikiuze mtandaoni. Kipeleke kwenye nyumba ya mnada inayojua vichezeo, kama Vectis ya Thornaby kule Uingereza, wakikague wenyewe, wakiandikie maelezo wenyewe, na mnunuzi akilalamika alalamike kwao.

Chukua mfano unaotuhusu watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1965 chapa ya vigari ya Corgi Toys ilitoa namba 256, Volkswagen 1200 ya mbio za magari za East African Safari: jekundu, tairi la akiba juu ya paa ambalo ukilizungusha magurudumu ya mbele yanakata kona, na kifaru wa kusimama kando ya njia. Mwaka huohuo mshindi wa Safari alikuwa Joginder Singh na nduguye Jaswant, tena kwa Volvo, lakini hakuna mtoto aliyelalamika. Gari hilo leo linatafutwa na makundi matatu kwa pamoja: wakusanyaji wa Corgi, wapenzi wa Volkswagen, na sisi tuliokulia kwenye vumbi la Safari. Likiwa peke yake lina bei ya kawaida. Likiwa na kifaru, bei inapanda. Likiwa na kifaru na boksi lake la asili lisilochanika, hapo ndipo watu wanaanza kupigana dakika ya mwisho.

Mzee mmoja wa Leicester, Mhindi mzaliwa wa Nairobi, mmoja wa wale waliohamia Uingereza mwaka 1968, alikuwa nalo tangu linunuliwe. Kiswahili chake mpaka leo ni cha mtaa wa Ngara. Gari lilikuwa safi: taa za mbele za vito vya bandia zote mbili, kifaru na pembe yake, na boksi lenye masikio yote, yaani vile vipande vya kukunja vya kufungia juu na chini. Ndani ya sikio moja kulikuwa na bei ya duka la Nairobi iliyoandikwa kwa penseli, shilingi na senti. Familia nzima ilikuwa ikiujua mwandiko ule.

Akalitangaza kwenye soko moja la mtandaoni, mnada wa siku 7 unaokwisha Jumapili saa mbili usiku, wakati ambao wanunuzi wako nyumbani. Hapo hakukosea kitu. Mpaka Jumapili mchana dau lilikuwa dogo la kukatisha tamaa, kisha sekunde za mwisho likapaa, maana wazoefu huficha dau lao mpaka saa ya mnada inakaribia sifuri. Aliyeshinda alikuwa Ujerumani. Kabla hata hajalipa akaandika: tafadhali, kwenye fomu ya forodha andika thamani ndogo. Ombi hili limekuwa la kila siku tangu Uingereza ijitoe kwenye soko la Ulaya, kwa sababu mnunuzi wa huko sasa anadaiwa kodi kifurushi kikifika. Mzee akakataa, na alifanya vizuri. Kuandika thamani ya uongo ni kosa kisheria, na kifurushi kikipotea posta watakulipa kile ulichoandika.

Akafunga vizuri, akapeleka posta, akapata stakabadhi yenye namba ya ufuatiliaji. Kifurushi kikafika. Baada ya siku chache, lalamiko: "haifanani na maelezo", eti tairi mbili si za asili. Lalamiko la namna hii halihitaji kuwa la kweli ili lifanye kazi. Mfumo ukamwamuru mzee apokee kitu chake na alipie nauli ya kurudi. Ufuatiliaji ulipoonyesha kimefika mlangoni, akapewa siku mbili za kazi kurudisha pesa, la sivyo zitakatwa zenyewe.

Akafungua. Gari lilikuwa lake, rangi ileile, mkwaruzo uleule chini ya mlango. Kifaru alikuwa wake. Tairi zilikuwa zilezile zilizotoka Leicester. Boksi halikuwa lake.

Ukilitazama kwa mbali ni lilelile. Lisogeze karibu na taa: rangi imekolea kupita kiasi, maandishi madogo ya ubavuni yana kingo zilizotapakaa kama kitu kilichopigwa skani kisha kikachapwa upya, na mikunjo haina ule weupe wa kadi iliyofunguliwa na kufungwa na mtoto kwa miaka. Ndani ya masikio ni peupe. Hakuna penseli.

Maboksi ya kunakiliwa huuzwa waziwazi, pamoja na tairi, vioo na vito vya taa, na hakuna ubaya mradi muuzaji aseme ni nakala. Yanagharimu pauni chache tu. Ujanja wenyewe ni huu: mtu ana Volkswagen kama ya mzee, nzuri, lakini haina boksi. Ananunua yako, anatoa boksi la asili, anatia nakala, anarudisha gari lako zima na kurejeshewa kila senti. Gari lake sasa ni kamili. Wewe hata huwezi kusema umeibiwa gari, maana liko mezani.

Mzee akakata rufaa. Picha zake zilikuwa nyingi na nzuri, karibu zote za gari: kushoto, kulia, chini, kifaru, tairi la akiba. Ya boksi ilikuwa moja, ya mbele, na boksi limefungwa. Mtu wa huduma kwa wateja, ambaye pengine siku hiyo alikuwa ameamua kesi za simu, viatu na mashine za kahawa, aliwekewa boksi la njano na bluu na boksi jingine la njano na bluu. Angejuaje? Ushahidi wa penseli haukuwa popote ila kwenye kumbukumbu za watu watano. Rufaa ikakataliwa. Kumpa mnunuzi nyota mbaya pia haikuwezekana. Kwenye eBay, kwa mfano, muuzaji hana ruhusa ya kumwachia mnunuzi maoni hasi tangu mwaka 2008, na masoko mengine yana mpangilio wao unaomlinda mnunuzi vilevile.

Nimerefusha, mnisamehe, lakini karibu kila hasara ya biashara hii imo ndani ya kisa hiki. Picha za kuuzia na picha za kujitetea ni vitu viwili. Za kuuzia zinapendeza. Za kujitetea zinachosha: boksi pande zote sita, kila sikio ndani na nje, kila mpasuko, doa na alama ya bei, kwa mwanga wa pembeni ili mikunjo itoe kivuli. Gari, chini yake hasa, ribiti mbili, yaani vile vipini vinavyoshikilia bati la chini. Ribiti ya kiwandani ni laini na mviringo. Iliyotobolewa ili gari lipakwe rangi upya ina kingo kali, au imezibwa kwa gundi na kupakwa rangi ya fedha. Ukipiga picha za ribiti zako karibu kabisa, hakuna atakayekurudishia gari jingine akasema ni lako. Kisha washa video usiikate: gari linaingia, boksi linaingia, gundi inapigwa, lebo yenye namba inasomeka, mzani unaonyesha gramu. Uzito ulioandikwa kwenye stakabadhi ya posta umewahi kuokoa watu ambao picha ziliwaangusha.

Kufunga nako kuna makosa yake. Usizungushie plastiki ya mapovu moja kwa moja kwenye rangi. Ikikaa siku nyingi mahali penye joto, mapovu yanaacha alama za duara. Anza na karatasi laini isiyo na asidi. Usipige selotepu kwenye boksi la asili hata kipande kidogo, wala usilifunge kwa raba. Gari lisisafiri ndani ya boksi lake, kwa sababu uzito wake utapasua masikio njiani. Lifunge peke yake, boksi lijaze karatasi laini lisibonyee, halafu vyote viingie kwenye katoni imara yenye nafasi ya sentimita 5 za kujaza kila upande. Itikise. Ukisikia kitu kinatembea, fungua uanze upya.

Kwenye maelezo, maneno "kama jipya" ni mtego wa kujitegea. Andika: chubuko la milimita moja juu ya tairi la nyuma kulia, sikio moja lina mpasuko, taa zote zipo. Usiseme "tairi ni za asili" kama hukuwa na gari hilo tangu dukani.

Dinky Toys, vigari vya chapa nyingine, za kabla ya vita ya pili ya dunia ni habari nyingine. Nyingi zilimiminwa kwa aloi ya zinki iliyochafuliwa na madini mengine kama risasi, na chuma chake huvimba na kupasuka chenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Gari linatoka kwako na nyufa nyembamba kama unywele, linafika vipande vinne, na mnunuzi atasema ulifunga vibaya. Hizo sizitumi kwa posta kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo mnada wa wataalamu? Hapa kalamu yangu inaanza kusita. Nyumba ya mnada humkata muuzaji kamisheni, mara nyingine na ada ya picha, na humtoza mnunuzi ada yake juu ya dau, ambayo mnunuzi mwenye akili ameshaipiga hesabu kabla hajainua mkono. Unasubiri zamu ya mnada wa aina ya kitu chako. Vigari vya bei ndogo huunganishwa kumi kwa fungu moja, na katika fungu lile kile kizuri kinabeba vibovu. Kwa mtu aliye Leicester yote hayo yanavumilika. Kwa aliye Nairobi au Mombasa, ongeza nauli ya kwenda, forodha, na wasiwasi wa kurudishiwa kisipouzwa.

Wenye vigari vya Hot Wheels wa Nairobi wamepata njia yao: wanatangaza mtandaoni, wanamalizana ana kwa ana. Mnunuzi anakuja, anageuza kadi ya kufungashia kwenye mwanga kuona kama plastiki imebanduliwa na kubandikwa tena, anatazama kama tairi ni za mpira za Super Treasure Hunt, lile toleo adimu, au zimehamishwa kutoka gari jingine, analipa, anaondoka. Yakiisha yameisha. Hatari yao ni ujumbe feki wa M-Pesa, na dawa yake mnaijua: usisome ujumbe kwenye simu ya mnunuzi wala usiamini ulioingia kwako kutoka namba ya mtu, piga *334# uangalie salio lako ndipo uachie kitu. Bei wanayopata ni ndogo kuliko ya Ulaya, lakini ni bei inayobaki mfukoni.

Kwa hiyo naona nimejijibu kinyume cha nilivyoanza. Uzeni mtandaoni, hata Volkswagen ya Safari, kwa masharti. Bei iwe ile ambayo ukiipoteza utakasirika bila kukosa kodi ya nyumba. Weka bei ya moja kwa moja inayokuridhisha badala ya mnada, kama huna haraka. Kama soko linaruhusu, zima nchi usizotaka kupeleka mzigo. Ukiweza, sema mnunuzi aje kuchukua mwenyewe. Akilipa kupitia soko lenyewe, usimkabidhi kitu kabla hajakupa msimbo wa kupokelea na umeuingiza, maana bila huo huna uthibitisho kwamba alifika, na anaweza kudai hakupata kitu.

Boksi likiwa la asili kabisa, lenye masikio yote na penseli ya duka la Nairobi, bado ningesubiri mnada. Isipokuwa kama mnunuzi anakaa mtaa wa pili.