Kwa mama aliyekuta alama mkononi mwa binti yake: niliyojifunza bwenini

Ndugu mleta uzi, pole sana. Umeeleza kwamba Jumapili, ulipokuwa ukimsuka binti yako wa miaka 14, mkono wa blauzi ulipanda ukaona mistari myembamba, mingine imeshapona na mingine bado mibichi, naye akakwambia amekwaruzwa na paka ilhali nyumbani hamna paka. Umesema baba yake anataka kumnyoosha kwa fimbo, bibi yake anasema ni mapepo, na wewe mwenyewe hujalala vizuri tangu siku hiyo. Unauliza uanzie wapi.

Nimekuwa mwalimu wa ushauri nasaha kwa miaka 11 katika shule ya bweni ya wasichana mkoani Tanga, na kwa miaka minne kati ya hiyo nilikuwa pia matroni. Mimi si daktari. Nimekaa na wasichana wengi wanaojiumiza, na baadhi yao niliwahudumia vibaya kabla sijajua ninachokifanya, kwa hiyo naomba nianzie hapo.

Wa kwanza alikuwa kidato cha pili. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike. Ilikuwa Februari, na anayeijua Tanga anaijua Februari yake na joto lake, lakini mtoto huyo alivaa sweta la shule tangu asubuhi hadi saa ya kulala. Sisi walimu tulidhani ana malaria, kisha tukadhani ni urembo, mpaka mwalimu wa zamu akamwamuru alivue mbele ya wenzake mstarini. Siku hiyo shule nzima iliona. Alipoletwa kwangu nilifanya mambo matatu niliyoyaona ya busara: nilimkumbusha ada ambayo baba yake anaitafuta kwa jasho, nilimuuliza “kwa nini?” kama mara kumi, na mwishowe nikampa karatasi aandike na kusaini kwamba hatajikata tena mikono. Kwa wiki tatu mikono ilikuwa safi, nami nikamwarifu mkuu wa shule kwamba jambo limekwisha. Wiki ya nne alipata homa, muuguzi akamkagua, akakuta majeraha yamehamia mahali ambapo sare inafunika. Ahadi alikuwa ameitunza, neno kwa neno. Mimi ndiye niliyemfundisha kujificha vizuri zaidi.

Aliponieleza hatimaye, hatukuwa ofisini. Tulikuwa nyuma ya jiko, tunachambua mchele kwenye ungo, kila mmoja anatazama mawe yake wala si uso wa mwenzake. Alisema kuna nyakati kifua kinajaa mpaka anahisi atapasuka, hawezi kulia wala kusema, na kwamba akijiumiza kile kifua kinashuka kwa muda mfupi, halafu inakuja aibu ambayo ni nzito kuliko kile cha kwanza, na siku mbili baadaye mzunguko unaanza upya. Hakuwa anataka kufa. Alikuwa anatafuta namna ya kuimaliza jioni.

Baadaye nilipohudhuria mafunzo niligundua kwamba maelezo yake yanafanana na yale ambayo wataalamu wamekuwa wakiyaandika kwa muda mrefu. Matthew Nock na Mitchell Prinstein, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 2004 kwamba tabia hii humfanyia kijana kazi fulani, na kazi inayoongoza kwa mbali ni kutuliza hisia zilizomzidi nguvu. Wengine hujiumiza kwa sababu wamekufa ganzi na wanataka kuhisi chochote, na wachache kwa sababu hawajapata njia nyingine ya kumwambia mtu kwamba mambo ni mabaya. Huanza mara nyingi kati ya miaka 12 na 14, yaani umri wa binti yako hasa. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinakadiria kwamba vijana kama 17 katika kila 100 wamewahi kujiumiza walau mara moja bila nia ya kujiua. Nalitaja hili kwa sababu najua unajiuliza umemkosea nini wewe peke yako. Darasa la wanafunzi 50 lina zaidi ya mmoja.

Kwa hiyo ile kauli ya “anatafuta kiki” ambayo wachangiaji wawili hapo juu wameiandika, naomba waifikirie upya. Anayetafuta kuonekana havai sweta Februari.

Kuhusu mapepo, sitabishana na bibi, kwa sababu sijawahi kuona mtoto aliyepona kwa ushindi wa mjadala kati ya mama na bibi yake. Kwetu alama za mwilini zina historia. Watu wamechanjwa chale kwa tiba na kwa kinga, na mzee akiona mistari mkononi ni kawaida akili yake ielekee huko. Mwambie kwa heshima kwamba maombi hayakatazwi, ila yasifanywe kwa kumshika mtoto kwa nguvu mbele ya watu, wala yasichukue nafasi ya hospitali. Nimefanya kazi na shehe mmoja na mchungaji mmoja ambao walisaidia kuliko nilivyotarajia, na wote wawili walikuwa na sifa moja: walikuwa wanasikiliza kwanza.

Fimbo ni suala jingine, na hapa sina upole. Mtoto huyu anatumia maumivu ya mwili kuzima maumivu ya moyo. Ukimchapa unamthibitishia kwamba mwili wake ndio mahali sahihi pa kumalizia hasira. Mwambie baba yake kwamba hatumwombi alichekee jambo hili. Tunamwomba awe mtu ambaye binti anaweza kumkimbilia saa nne usiku. Akina baba wengi niliozungumza nao, ukiwaondoa kwenye hasira kidogo, chini yake unakuta hofu tupu, na mmoja alilia ofisini kwangu mpaka nikatoka nje ili asione aibu.

Sasa, uanzie wapi. Anza na uso wako. Mtoto atasoma uso wako kabla hujafungua kinywa, na akikuta kitisho au kinyaa atafunga mlango ambao unaweza kuchukua mwaka kuufungua tena. Tafuta kazi ya mikono ya kufanya pamoja, kumalizia kumsuka au kukunja nguo, na wengine wasiwepo. Kisha sema kitu kifupi, kwa mfano: “Mwanangu, niliziona zile alama. Sijakasirika. Nadhani kuna kitu kinakulemea, na ningependa kukijua utakapokuwa tayari.” Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Sisi watu wazima tukiona kimya tunakijaza mawaidha. Akisema hana la kusema, mwambie utamrudia, na umrudie kweli. Usimuulize “kwa nini”, maana neno hilo kwa sauti ya mzazi ni mashtaka, muulize “huwa inakuwaje kabla hujafanya?” au “siku hiyo kulikuwa na nini?” Usidai akuonyeshe majeraha yote, isipokuwa yanahitaji tiba. Na tafadhali, usimwapishe. Yule wangu alinifunza kwamba ukimnyang'anya mtu gongo la kutembelea kabla hajapata mguu, hatembei. Atatafuta gongo jingine gizani.

Kuna swali moja ambalo lazima uulize waziwazi, nalo ni kama anafikiria kufa. Wazazi huliogopa kwa kudhani litampandikiza wazo, lakini halipandikizi. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kulitaja. Kujiumiza na kutaka kujiua si kitu kimoja, lakini anayejiumiza yuko kwenye hatari kubwa zaidi kuliko mwenzake, hivyo hakuna kubahatisha. Akijibu ndiyo, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, au akiwa amemeza kitu, au jeraha ni la kina na damu haikomi, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake hata kwa nusu saa. Hata akijibu hapana, dawa zote za nyumbani na za shambani zifungiwe kwa ufunguo unaokaa nao wewe.

Majeraha madogo osha kwa maji safi na sabuni, funika, na uulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda. Fanya hivyo kwa utulivu ule ule ambao ungemfungia goti lililochubuka, bila kelele na bila kumbembeleza kupita kiasi.

Hospitali inawatisha wengi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni jina: mtu akisikia afya ya akili anasikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na Mirembe mitaani kwetu ni tusi. Lakini huhitaji kwenda Dodoma. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na mara nyingi unayekutana naye ni muuguzi mwenye meza na kiti, hakuna geti la kutisha. Ya pili ni polisi. Watu huogopa kuulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na huogopa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Wenzetu wa Kenya walikuwa na kifungu cha 226, ambacho Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Binti anayejikata ili atulie hajajaribu kujiua, na hilo mweleze mhudumu kama lilivyo. Naona ni aibu kwamba sheria bado inamfanya mzazi asite mlangoni, lakini usisite. Ukikwama kabisa, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haina malipo. Hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Huko hospitali atafundishwa jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa, yaani kukaa na hisia kali mpaka ipite. Tiba mojawapo iliyofanyiwa majaribio mengi kwa watu wanaojiumiza ilibuniwa na Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 2011, akiwa na miaka 68, alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alijiumiza vibaya akiwa kijana na alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1961 akiwa na miaka 17. Huwa nawasimulia wasichana wangu habari yake, na huwa wananyamaza kwa namna tofauti wakiisikia. Mambo ya tiba hiyo unayoweza kuanza nayo nyumbani ni madogo mno hata utayadharau: kunawa uso kwa maji baridi sana huku umebana pumzi kidogo, maana mapigo ya moyo hushuka; kutembea haraka kuzunguka nyumba; kutoa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta; kuandika kisha kuchana. Hamu ile hupanda kama wimbi na kushuka, na akiweza kuichelewesha kwa robo saa mara nyingi imeshapungua. Zile mbinu za mitandaoni za kujivuta mpira mkononi mimi siziungi mkono, kwa kuwa bado zinamfunza kwamba nafuu iko kwenye maumivu.

Jambo hili pia huambukiza, hasa penye wasichana wengi chini ya paa moja. Mwaka mmoja tulikuwa na kesi moja Machi na tano Mei, na nina hakika tulizileta wenyewe kwa mkutano wa bweni ambapo tulilihutubia jambo lile kwa undani. Tangu hapo tunazungumza na mmoja mmoja, na kwa bweni zima tunazungumzia msongo wa mawazo kwa ujumla bila kutaja vidonda. Kwako wewe maana yake ni kwamba habari hii isiingie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mweleze baba, mweleze mtu mmoja shuleni unayemwamini, na binti ajue umewaeleza akina nani. Siri iliyotoka bila yeye kujua ndiyo iliyowafunga midomo wengi niliowapokea.

Kwa mchangiaji aliyeuliza kuhusu wavulana: wapo, ila sisi hatuwaoni, kwa sababu mvulana akipiga ukuta kwa ngumi mpaka vidole vikavimba tunasema ana hasira, tunamwandikia adhabu.

Mleta uzi, binti yako anasoma kutwa, hivyo una kitu ambacho wazazi wa bweni hawana: unamwona kila jioni. Yule wangu wa sweta ilimchukua mwaka mmoja na nusu, na aliteleza mara kadhaa katikati. Kila alipoteleza alikuja mwenyewe kugonga mlango, nikaacha kuhesabu siku na kuanza kuhesabu kugonga. Ukishazungumza naye, rudi hapa useme alivyojibu, bila kutaja shule wala mtaa. Mimi huingia jukwaani baada ya maandalio ya usiku, kama saa nne hivi.