Sanduku la buluu lije mwisho

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Utamtambuaje kiongozi wa shirika lisilo la faida anayeongoza kwa lengo, si kwa cheo?" Jibu langu ni fupi, maelezo ndiyo marefu. Mwulize ni nani kati ya watu anaowahudumia anayeweza kumwambia hapana, kisha mwulize mara ya mwisho aliambiwa lini.

Ninakaa Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki ya Kongo. Niliwahi kuwa animateri, yaani mhamasishaji, katika asbl (shirika lisilo la faida) moja ya hapa mjini, na hadi leo ninaandika hesabu za MUSO ya akina mama wa soko. Nimeonja pande zote mbili, ya magari yenye bendera na ya viti vya plastiki vya kuazima.

Kwa wasiofahamu, MUSO ni chama cha mshikamano: watu wanaojuana wanaweka pesa pamoja kila wanapokutana. Ina masanduku matatu. La kijani ni la akiba na mikopo; ulichoweka humo ni chako, siku ukitoka unarudishiwa. Jekundu ni la kusaidiana: mtoto amelazwa, kuna kilio, nyumba imeungua (na huku Kadutu nyumba za mbao zimebanana, moto hauulizi mwenye nyumba ni nani). Ulichoweka kwenye jekundu hurudishiwi. La buluu ni la pesa za nje, mkopo au msaada wa shirika kubwa. Waliotufundisha walikazia ufuatano huo: kwanza kijani na jekundu, buluu baadaye kabisa, chama kikishajua kutunza cha kwake. Kuna MUSO zilizodumu miaka bila kuligusa la buluu.

Asbl nyingi za mji wetu zimezaliwa kinyumenyume. Zinaanza na buluu. Limetoka tangazo la mfadhili, wapo wanaojua kuandika projeti, yaani mradi wa kuombea pesa, basi shirika linaundwa ndani ya wiki. Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inataka wanachama wasiopungua saba, na inasema wazi kwamba asbl haitafuti kuwapatia wanachama wake faida ya mali. Hao saba hawakosekani: bwana, bibi, shemeji, binamu, jirani, na wawili wa kwaya. Mkutano mkuu, ambao ndio wenye neno la mwisho, unafanyika kwenye karatasi. Sahihi zinafuatwa nyumba kwa nyumba kwa pikipiki. Sisemi zote ziko hivyo. Ninasema nilipanda hiyo pikipiki.

Kordinateri wetu, mkuu wa asbl ile, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, na alipoeleza shida za akina mama wa Kalehe mbele ya wageni, wageni walifuta machozi. Lakini kashe, muhuri wa shirika, ilikaa ndani ya begi lake. Akienda Kinshasa, kashe nayo imepanda ndege, na mama anayehitaji karatasi ya kumpeleka mtoto hospitali anaambiwa arudi Jumatatu. Kwenye semina watu walisaini safu mbili, moja ya transpori na moja ya chakula, hata siku ambayo hakuna aliyeona sahani. Sikumsikia mshiriki hata mmoja akiuliza. Angeuliza vipi? Anayeuliza leo, semina ijayo jina lake halimo.

Mambo yote yako hapo. Mfadhili asiporidhika anafunga mfereji, anatuma mkaguzi, anadai risiti ya kila kalamu. Mwenye shida asiporidhika, afunge nini? Kwa hiyo kiongozi anajifunza kumwogopa mmoja na kumhurumia mwingine. Na yule unayemhurumia tu, humtolei hesabu. Unampiga picha.

Sasa njooni kwenye MUSO yetu. Prezidante ni mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, sokoni. Masomo yake yaliishia shule ya msingi. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu wanaokaa avenyu tofauti. Yeye si mmoja wao, na yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza iwe hivyo. Pesa zinahesabiwa kwa sauti, mbele ya macho yote, wakati wa kufungua na wakati wa kufunga.

Kuna Jumapili moja aliomba mkopo kutoka sanduku la kijani. Mwezi ulikuwa umeingia gizani, wavuvi wa taa walikuwa wanapakua samaki kwa wingi, bei imeshuka. Mfanyabiashara yeyote wa sambaza angetaka mtaji siku hizo. Mwanachama mdogo kuliko wote, msichana anayeuza vitenge vya mkononi, akanyoosha mkono. "Samahani, Mama Prezidante. Naona ule wa zamani haujaisha." Nikafungua karne yake, daftari la mikopo yake. Kweli, sehemu ilikuwa imebaki. Tukapiga kura, mkopo ukakataliwa. Mama akanyamaza kidogo, akanitazama mimi mwandishi kana kwamba kalamu ndiyo yenye kosa, halafu akasema, "Haya, nani anafuata?" Akalisoma jina lililofuata, akampitishia mwenzake mkopo wa kununua sambaza zilezile. Jumapili iliyofuata tulimkuta ameshafika, anapanga viti.

Nimewahi kuhudhuria semina za uongozi zenye projekta na chai ya maziwa. Hakuna iliyonipa kitu cha kulingana na dakika hizo.

Najua watakachosema watu wa ofisini: kura zinachelewesha, na shida haisubiri mkutano. Ni kweli. Maji na matope yalipoteremka Bushushu na Nyamukubi, vijiji vya Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, yakaua watu zaidi ya 400, nani angeitisha mkutano mkuu? Usiku kama huo kiongozi anaamua peke yake, na asiyeweza kuamua aachie kiti. Hata sisi, kanuni yetu inairuhusu komite kutoa pesa za sanduku jekundu bila kungoja mtu, hadi kiwango tulichokubaliana. Lakini mkutano unaofuata hesabu inasomwa, jina kwa jina, na anayetaka kugomba anagomba. Haraka ya jana haimwondolei mtu maswali ya leo.

Mtu ataniambia mfano wa sambaza ni mdogo mno. Basi tuchukue mkubwa, wa hapahapa mjini. Hospitali ya Panzi, inayowatibu wanawake waliobakwa, ilianzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia daktari huyo nyumbani kwake. Mlinzi wake akauawa, yeye akaponea chupuchupu, akaondoka na familia yake kwenda Ulaya. Akina mama wa kisiwa cha Idjwi, ambao hata dola moja kwa siku ni shida kuipata, wakauza matunda na mboga ili wachangie tiketi ya kumrudisha. Januari 2013 akarudi. Nobeli ilikuja baadaye, 2018. Wengi wanaisimulia habari hii kwa kumsifu yeye, na anastahili. Mimi nawatazama wale akina mama. Waliona wana haki ya kumwita, wala hawakungoja mtu wa kuwaombea kibali. Daktari anayeitwa hivyo na wagonjwa wake, kuna namna alivyokaa nao kabla.

Jambo lingine nalipitia haraka kwa kuwa linaniudhi. Kutumikia si kulala njaa. Mshahara wa haki sina ugomvi nao, hata wa kordinateri. Ugomvi wangu ni na yule anayewahubiria vijana wa kujitolea habari za mwito, wanatembea kwa miguu kutoka Bagira asubuhi, huku yeye anapita na gari lenye kiyoyozi akiwapigia honi ya salamu. Kama ni mwito, uwaguse wote.

Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na Februari, vita vilipoingia mjini, benki za Bukavu zikafunga milango. Mabango ya projeti yamebaki barabarani, ofisi nyingine zimegeuka maduka. MUSO yetu ilitikisika pia, nisidanganye. Tulipunguza mchango wa kila mkutano, na kuna mikopo ambayo hadi leo ninaiandika kwa kalamu nyekundu. Ila hakuna aliyehitaji kutueleza kwa nini tuendelee kukutana. Pesa za wafadhili zikirudi tutazipokea, sina kiburi hicho. Sanduku la buluu lipo, safi kabisa, halina hata mkwaruzo.

Desemba tunachagua komite mpya. Mama Prezidante ameshatangaza kwamba hagombei tena. Anasema anataka kuwa mwanachama wa kawaida, labda mikopo yake itapita.